Folda Zilizolala Pipani

Katika maisha yake yote ya kazi, Kamishna hakuwahi kumfutia mtu faili. Hata moja. Maneno hayo aliyatoa akiwa bado mlangoni kwa wakwe zake, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kabla hajaulizwa lolote. Kisha akayarudia alipofika sebuleni, ili na waliokuwa jikoni wafaidi.

"Kufuta mnafuta nyinyi," alisema. "Mimi kazi yangu kurudisha. Ulizeni popote."

Hakuna aliyeuliza. Shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho mekundu, na hakuwa na hamu ya kusikia sifa za mtu.

"Zimepotea zote," alisema. "Folda zote za kitabu. Jana jioni nimefungua, hakuna kitu. Na dereva wa shule anakuja kuzichukua leo, kabla jua halijazama."

"Tulia, shemeji. Usiguse chochote. Hapa sasa ni eneo la tukio."

Eneo lenyewe la tukio lilikuwa meza ya kona, na juu ya meza kompyuta ya zamani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama sahani ya mgonjwa. Kamishna alikinyanyua kitambaa kile kwa vidole viwili, akakishusha kando kwa uangalifu wa mtu anayetoa panya aliyekufa. Akapuliza kibodi. Vumbi likampanda puani, akapiga chafya, akaangaza macho chumbani kuona nani wa kulaumiwa.

Ieleweke kwamba hakuwa kamishna wa kitu chochote. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, kati ya saluni na duka la rangi, na juu ya mlango alibandika maandishi makubwa: UPELELEZI WA DATA. Cheo alijipa mwenyewe. Watu walikipokea kwa kuchoka kubishana. Alivaa kizibao chenye mifuko mingi kupita vitu alivyokuwa navyo vya kuweka, na mfuko wa kifuani ulibeba kioo cha kukuzia alichokitumia kutafuta skrubu zilizodondoka.

Dirishani, kwenye kiti chake cha mikono, alikuwa amekaa baba mkwe. Wote walimwita Mwalimu, maana alifundisha jiografia mpaka akastaafu. Shingoni alijizungushia skafu.

"SHIKAMOO, BABA!" Kamishna alinguruma.

Mwalimu alifumba macho kidogo, akatikisa kichwa kuitikia. Kusikia alikuwa anasikia vizuri tu. Alichopoteza ni sauti, tangu alipopasuliwa koo, na sasa zilimtoka pumzi zenye maneno ndani yake, ambazo mkewe peke yake ndiye aliyeweza kuzifuata. Kwa Kamishna, bubu na kiziwi walikuwa ukoo mmoja.

"Haya," alisema, akavuta kiti. "Turudi kwenye kesi. Nieleze kana kwamba sijui kitu, ingawa nitajua kabla hujamaliza."

Shemeji alieleza. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitabu vya sauti kwa ajili ya shule ya wasioona. Kitabu cha jiografia alikisoma Mwalimu mwenyewe, sura kwa sura, hapa hapa sebuleni, madirisha yamefungwa na friji imezimwa isingurume. Alimaliza sura ya mwisho wiki ile ile aliyopasuliwa koo. Wanafunzi walikuwa wanakisubiri, mtihani uko mlangoni.

"Na baba hawezi kukisoma tena," alisema Shemeji. "Hata neno moja. Unanielewa? Hakuna kurudia."

"Mara ya mwisho kuziona ni lini?"

"Jumamosi. Jumapili sikufungua, mlikuja nyinyi kula, nikashinda jikoni. Jumatatu nilikuwa shuleni kutwa. Jana ndiyo nakuta hakuna."

"Ulikuwa unaziweka wapi?"

Shemeji alisita. Akatazama dirishani kwa baba yake, akarudi.

"Pipani."

"Pipa gani?"

"Hilo hapo kwenye kioo. La takataka."

Kamishna aligeuka na kiti chote. Kiti kikalia.

"Ulizitupa mwenyewe."

"Sikuzitupa. Nilizihifadhi."

"Kwenye pipa la takataka."

"Ndiyo."

"Na hereni zako za dhahabu, shemeji, unaziweka chooni?"

Shemeji aliuma mdomo, lakini alihitaji msaada, na mwenye shida hachagui kicheko cha kuchekwa. Akaeleza na hilo. Kompyuta ile ilikuwa ya nyumba nzima. Alipoziacha folda zake wazi kwenye kioo, mdogo wake alizisukumia ndani ya michezo yake, naye Shemeji akazitafuta siku nzima. Alipozihamishia kwenye nyaraka, mama yake aliingia kutafuta picha za wajukuu, akakutana na sauti ya mumewe, akawaita majirani waje kusikiliza, na katika kuonyesha akaiburuta sura ya jangwa ikaangukia kusikojulikana, ikapatikana baada ya siku tatu. Ndipo Shemeji alipogundua kwamba kuna sehemu moja tu humo ndani ambayo hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuichungulia. Asubuhi anaingia pipani, anabofya kurejesha, anafanya kazi. Jioni anabofya kufuta, folda zinarudi kulala. Miezi imekwenda hivyo, bila tatizo.

"Humu kitu kikiwa kabatini kinaguswa," alisema. "Kikiwa jaani kinaachwa kwa amani."

Kamishna alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta, na miwani yenyewe haikuwa na unyevu wowote. Alikwishaona mengi kwenye kazi hii: mtu aliyekausha simu ndani ya tanuri, mtu aliyeosha kibodi kwa sabuni ya vyombo. Lakini mtu wa kufanya jalala kuwa sefu, na akaliendea asubuhi na jioni kama anayechota maji, huyu alikuwa wa kwanza.

"Nakala nyingine?"

"Flashi ya shule iliingia kwenye mashine ya kufulia, ndani ya suruali ya huyu mdogo wangu. Kinasa sauti nacho ni kidogo, kila sura nikiihamisha nafuta ili sura nyingine ipate nafasi."

"Kwa hiyo nakala moja. Na hiyo moja, takatakani." Kamishna alisimama, akaanza kutembea mbele ya meza, mikono mgongoni. "Sasa sikilizeni wote, maana sitarudia. Faili likifutwa halifi papo hapo. Kompyuta inachofanya ni kuondoa jina mlangoni na kusema chumba kiko wazi. Mwenyewe bado yumo ndani, kalala. Atatoka lini? Atakapoletwa mpangaji mpya. Ukiweka wimbo, ukaweka picha, ukaweka programu, hao ndio wapangaji, wanamkalia mwenzao kichwani. Hapo ndipo anapokufa. Kwa hiyo kuanzia sasa hakuna kuweka kitu humu. Atakayeweka kitu humu ndiye muuaji. Tumeelewana?"

Walielewana. Hata Mwalimu alitikisa kichwa.

"Vizuri. Pipa halijimwagi lenyewe. Kuna mkono. Niletee mshukiwa wa kwanza."

Mshukiwa wa kwanza alikuja amejifunika shuka, na mistari ya mto imemchoreka shavuni. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba, kijana wa miaka ishirini hivi, anajifunza udereva, na jina alilokua nalo ni Usingizi.

"Kaa."

"Nimekaa nikiwa nimelala, umeniinua, sasa unaniambia nikae," alisema Usingizi. Akakaa.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Saa ngapi?"

"Jumapili."

"Yote?"

"Niliamka kula. Si ulikuwepo? Ulikula paja la kuku nililokuwa nimeliwekea jicho."

Kamishna alitoa kioo cha kukuzia, akamtazama kijana usoni kupitia humo. Jicho lake likawa kubwa kama la ng'ombe. Usingizi hakutishika, alipiga mwayo.

"Uliwahi kumwaga pipa la takataka?"

"La jikoni au la kompyuta?"

"La kompyuta!"

"La jikoni lenyewe sijawahi, shemeji. Muulize mama."

Sauti ya mama yake ikatoka jikoni kuthibitisha kwamba hajawahi, na kwamba leo pia ni zamu yake. Kamishna alilazimika kukubali kimoyomoyo kwamba ushahidi ule ulikuwa mzito. Mvivu wa kiwango hiki hamwagi kitu. Akamruhusu akae pembeni.

Mshukiwa wa pili alikuwa mgumu zaidi, kwa sababu alikuwa mama mkwe. Mama mkwe hahojiwi, anaombwa. Kamishna alimpisha kiti, akasimama yeye, akakunja mikono mbele kama mtu aliyekuja kuposa mara ya pili.

"Mama, samahani sana. Naomba tu kuuliza. Siku hizi mbili tatu, uliigusa kompyuta?"

"Niliigusa, mwanangu."

Shemeji alishika kichwa.

"Ulifanya nini, mama?"

"Nilikuwa nafuta vumbi, hilo ulilolipuliza wewe likakupigisha chafya. Kioo kikawaka. Kikatokea kidirisha, kinauliza: ndiyo au hapana."

"Kinauliza nini?"

"Sikusoma, sikuwa na miwani. Nikabonyeza ndiyo."

"Lakini kwa nini ndiyo, mama?"

"Kimeuliza kwa adabu," alisema mama mkwe. "Nikikataa kitanionaje?"

Kamishna aligeukia ukuta ili uso wake usionekane. Hapo ndipo ilipo tabu ya raia, alisema moyoni. Unawapa mashine yenye akili, wanaipokea kama mgeni. Lakini furaha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, kwa sababu kesi ilikuwa imekwisha na hata chai haijaja. Mama amekubali swali la kumwaga pipa. Ilibaki kutafuta namna ya kulitamka hilo bila mkewe kumlaza nje.

"Ilikuwa lini, mama?"

"Jumatatu, hawa walipotoka."

Alikaa mezani kuhakikisha. Akafungua sehemu inayoonyesha mambo ambayo kompyuta imeyafanya, akashuka taratibu mpaka Jumatatu. Kidirisha kilikuwepo kweli. Kiliuliza kama mwenye kompyuta anakubali ijisasishe usiku. Mama alikuwa amekubali, nayo ikajisasisha. Basi. Pipa halikuguswa.

"Mama hana hatia," alitangaza, kama hakimu anayesikitika.

"Nilijua," alisema mama mkwe, akarudi jikoni.

Kamishna akaendelea kushuka, kutoka Jumatatu kurudi nyuma. Alikuwa anaimba kwa pua. Alipofika Jumapili, wimbo ukakatika.

Kwenye mstari wa Jumapili, na tena kwenye kona ya chini ya kioo, kulikuwa na picha ndogo ya fagio la njano.

Kamishna alilifahamu fagio lile, tena vizuri kupita kiasi. Ilikuwa programu ya kusafisha kompyuta, iitwayo Fagio, na alikuwa na mtindo wa kuipandikiza kwenye kila kompyuta aliyoikaribia, aombwe asiombwe, kama wale wanaochonga majina yao kwenye madawati ya shule. Alilibofya. Dirisha likafunguka na kumsalimia kwa jina alilolisajili yeye: KARIBU TENA, KAMISHNA. Chini yake, kwa herufi za kijani: usafi wa mwisho, Jumapili, mchana. Na chini tena: pipa limemwagwa.

Alilifunga dirisha kwa kasi iliyofanya kipanya kilie.

"Umeona nini?" Shemeji aliuliza, akasogea.

"Virusi."

"Virusi gani?"

"Vya kawaida. Vidogo vidogo."

"Ndivyo vilivyofuta?"

"Bado nachunguza." Alikiinamia kioo mpaka pua ikakaribia kugusa, mabega yameziba kila upande. "Naomba nafasi. Mnanivutia hewa yote."

Haraka haraka akaling'oa fagio, mizizi na majani. Programu ikamuuliza kama ana hakika, naye akabonyeza ndiyo bila kusoma. Kona ikabaki tupu. Sasa kazi zilikuwa mbili, kurudisha folda kabla dereva hajafika, na kupata mtu wa kuzifuta asiyekuwa yeye.

Akajipapasa mifukoni kutafuta flashi yake ya kazi, ile yenye programu ya kurejesha mafaili. Mfuko wa kwanza ulitoa pipi. Wa pili, bisibisi. Wa tatu, pipi nyingine, imeyeyuka. Flashi ilikuwa kibandani, imechomekwa kwenye redio, inapiga muziki.

Hakutoka kuifuata. Aliingia mtandaoni, akaitafuta programu ile ile, akaishusha humo humo kwenye kompyuta.

"Shemeji," alisema Shemeji, "si umesema tusiweke kitu?"

"Nimesema nyinyi."

"Umesema atakayeweka kitu ndiye..."

"Daktari akikuchoma sindano, utasema amekudunga kisu? Mimi ni mtaalamu. Kaa."

Programu ikajipanga, ikajipongeza kwa muziki wa tarumbeta na sauti ya mwanamke mchangamfu iliyosema hongera, umefanya chaguo bora. Kisha mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo. Usingizi alisinzia kwa adabu. Shemeji alisimama nyuma ya kiti, mkono mmoja umeshika mwingine, na kila mstari ulipokwama alikwama nao.

Mafaili yakaanza kujitokeza. Majina yalikuwa yamekwenda na maji, kila moja limebaki na namba za ajabu, kwa hiyo ikabidi yafunguliwe moja moja. La kwanza lilikuwa mlipuko wa mabomu kutoka mchezo wa Usingizi. La pili, mjukuu analia. La tatu lilikuwa kimya kirefu, halafu mtu akasafisha koo.

"Watoto, fungueni masikio," spika zilisema. "Leo tunapanda mlima."

Ilikuwa sauti nene, yenye utani ndani yake, sauti ya mtu aliyezoea kufika mpaka kiti cha nyuma kabisa bila kupiga kelele. Ilieleza jinsi hewa inavyobadilika kila unapopanda, upepo unavyogusa uso, udongo unavyobadilika chini ya kiatu. Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Dirishani, Mwalimu aliinua kidevu. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na spika, neno kwa neno, bila sauti.

Shemeji alijifuta uso kwa kiganja. "Endelea," alisema. "Endelea, endelea."

Kamishna aliendelea, na kila sura iliyofunguka ilimrudishia kimo chake. Milima ikaja. Jangwa likaja. Bahari, mvua, misitu. Alikuwa ameanza tena kuimba kwa pua. Alianza hata kugusia watu mashuhuri aliowahi kuwarudishia mafaili, ambao angewataja isipokuwa kazi yake ni ya siri. Shemeji aliyahamisha mafaili kwenye flashi mpya aliyopewa na shule, akiyapa majina, akiyahesabu kwa vidole. Kikabaki kidole kimoja.

"Mito," alisema. "Ya mwisho kusoma. Alikuwa ameshaanza kuumwa koo. Ilimchukua siku nzima."

Kamishna akaifungua Mito.

"Mto hauna haraka," ilisema sauti ya Mwalimu, safari hii imekwaruza kidogo. "Ukifika kwenye mwamba mgumu, watoto, mto haugombani. Unachofanya ni—"

Tarumbeta zikalia. *Hongera,* alisema mwanamke mchangamfu. *Umefanya chaguo bora.*

Kisha mkwaruzo, kisha kimya mpaka mwisho wa faili.

Kamishna alilifungua tena. Mto haukuwa na haraka, ukafika kwenye mwamba, ukapongezwa. Alijaribu kwa programu nyingine, akarudisha nyuma, akaruka mbele. Pale mwanamke alipokaa, alikuwa amekaa. Mwalimu alikuwa ameacha kutembeza midomo.

"Mbona huyo mama ni wa programu yako?" aliuliza Usingizi, ambaye kumbe alikuwa macho. "Si ndiye aliyetupongeza sasa hivi?"

Hapo Kamishna akasimama. Mtu akibanwa kwenye kona, aliwahi kuwaambia wateja wake, humtazama aliye karibu naye, na aliyekuwa karibu naye alikuwa Usingizi.

"Ninashukuru umezungumza," alisema. "Nilikuwa nakusubiri. Wahalifu wote huzungumza mwishoni." Akageukia wengine, kidole hewani. "Tuangalie ukweli. Nani alizisukumia folda ndani ya michezo? Yeye. Nani aliifua flashi? Yeye. Nani anajua kwamba pipa ni la aina mbili, la jikoni na la kompyuta? Alinijibu mwenyewe, mmesikia! Michezo yake ilihitaji nafasi. Jumapili, sisi tukiwa mezani, huyu anasema amelala. Nani alimwona amelala? Hakuna. Amenyemelea hapa, amemwaga pipa. Na sura ya mito amekwishaiharibu tangu siku ile."

"Mimi?" Usingizi alisimama, shuka likaanguka. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa ameamka kabisa. "Dada, sikugusa. Nakuapia."

Shemeji alikuwa amegeuka. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Baba hana sauti nyingine," alisema. "Hiyo ndiyo aliyokuwa nayo. Wewe umeikalia kwa ajili ya mchezo wa mabomu."

"Dada..."

"Kusanya nguo zako uende kwa mjomba. Sitaki dereva akukute hapa. Sitaki mimi nikukute hapa."

"Kesi imefungwa," Kamishna alisema kwa upole, na akaanza kukirudisha kitambaa cha kufuma juu ya kompyuta.

Kitu kikagonga. Kikagonga tena. Mwalimu alikuwa anapiga ubao wa dirisha kwa vifundo vya vidole, vile vile alivyokuwa akipiga meza ya darasa kelele zikizidi, na Usingizi aliyekuwa ameshafika mlangoni akasimama kama mwanafunzi. Mwalimu alimwita mkewe kwa mkono. Mama mkwe akaenda, akainama, akamtegea sikio.

"Anasema si mtoto," alisema.

"Baba amechoka," alisema Kamishna. "BABA, UMECHOKA!"

Pumzi zikatoka kwenye skafu. Mama mkwe alisikiliza.

"Anasema hajachoka. Anasema kilichokatwa ni koo, masikio walimwachia, usimpigie makelele."

"Mama, kwa heshima zote, huenda hatumsikii sawasawa."

"Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, namsikia hata akinyamaza." Akainama tena. Safari hii alikaa muda. "Anasema Jumapili, sisi tukiwa mezani, yeye alikuwa hapa hapa kitini. Ulikuja na glasi yako ya juisi. Ukakaa hapo ulipo. Ukasema..." Mama mkwe aliinua uso. "Nilitaje hilo?"

"Litaje," alisema Shemeji.

"Ukasema hawa ni wachafu mpaka kompyuta yao."

Kamishna alicheka kidogo, akatafuta mwenzake wa kucheka naye. "Utani tu wa shemeji na shemeji. Nilikuwa naangalia saa."

"Anasema hukuangalia saa. Ulifungua kitu chenye fagio. Lilipotokea pipa limejaa, ukamwonyesha, ukamwambia, BABA, TAKATAKA YOTE HII. Anasema akakurupuka kitini, akakuinulia mkono, hivi." Mama mkwe aliinua kiganja, vidole vimetanuka, kama askari anayesimamisha gari. "Yaani ukome."

"Mimi mbona sikuona mkono wowote?" alisema Kamishna, na kabla hajalimaliza neno la mwisho alikuwa ameshajua kwamba mtu aliyekuwa anaangalia saa tu angekana fagio kwanza, si mkono.

Shemeji alikitoa kile kitambaa mkononi mwa Kamishna. Usingizi alikuwa amerudi kutoka mlangoni, ameegemea ukuta, anamtazama kwa makini makubwa.

Mwalimu alipumua tena kwenye sikio la mkewe.

"Anasema mkono uliuona," alisema mama mkwe. "Ulikuja ukaupokea kwa mikono yako miwili, ukautikisa. Ukasema asante sana baba, si kazi kubwa. Halafu ukarudi ukabonyeza."

Nje, honi ya gari la shule ililia. Hakuna aliyeondoka. Mwalimu alimvuta mkewe kwa ncha ya mtandio, akanong'ona neno la mwisho, refu kuliko yote, na macho yake yalikuwa juu ya Kamishna tangu mwanzo wake mpaka mwisho. Mama mkwe alijiziba mdomo.

"Anasemaje?" aliuliza Shemeji.

"Hilo silisemi," alisema mama mkwe. "Huyu bado ni mkwe wangu."